Mtoto asipolia: ujifungulie wapi huku Nyanda za Juu Kusini?

Binti wa kaka yangu ana mimba ya kwanza, ya miezi saba. Ameolewa Makete, upande ule ambao mwezi wa Julai watu huamka na kukuta sakitu imelala juu ya majani. Wiki iliyopita alinipigia simu. "Shikamoo shangazi. Mama mkwe anasema nijifungulie hapa nyumbani, yeye amezalisha wengi. Mume wangu anataka zahanati. Baba naye anasema nije Mbeya nikae kwako. Wewe umekuwa mkunga miaka yote hiyo. Nimsikilize nani?"

Nilimwomba siku mbili. Jibu lake halitoshi kwenye simu, na najua kuna mabinti wengi Kilolo, Ludewa, Ileje na Busokelo wanaoulizwa swali hilohilo na familia tatu kwa wakati mmoja.

Katika ulinganisho huu sitaangalia sana vitanda wala lugha ya wauguzi, ingawa hayo nayo yanauma. Nitaangalia hewa ya mtoto. Mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa anaweza kufa siku ileile. Anaweza pia kuishi na mtindio wa ubongo, akasumbuliwa na degedege, akafika miaka mitatu hajakaa na chakula kinampalia. Nimewapokea watoto wa namna zote mbili mikononi mwangu, na wengi wao walikuwa wazima kabisa wakati uchungu unaanza.

Hatari ya kukosa hewa huja kwa nyakati mbili, na mahali panapokufaa kwa mmoja huenda pasikufae kwa mwingine.

Wakati wa kwanza ni mtoto akiwa bado tumboni. Uchungu ukibana, damu inayompelekea hewa kupitia kondo hupungua, na uchungu ukiachia, hurudi. Mtoto mwenye afya huvumilia hali hiyo kwa saa nyingi. Ila uchungu ukivuka muda wake, au ukibana mfululizo bila kuachia, au kitovu kikibanwa, au kondo likibanduka mapema, au mama akipata kifafa cha mimba, akiba yake inaanza kuisha. Wodini tunasema "mtoto amechoka", na sijapata neno linaloeleza vizuri zaidi. Hapo tunahesabu saa, pengine nusu saa tu, na mara nyingi dawa yake ni kumtoa haraka kwa upasuaji.

Wakati wa pili ni akishatoka. Sasa tunahesabu dakika. Mtoto asiyepumua anatakiwa awe ameanza kupewa hewa kabla dakika moja haijaisha, ndiyo wakufunzi wakaiita dakika ya dhahabu. Watafiti waliokaa kwenye wodi ya wazazi ya Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, walipima jambo hili kwa saa mkononi: kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpumulisha mtoto ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kulazwa muda mrefu. Huwezi kumkimbiza mtoto wa namna hiyo popote. Msaada uwepo chumbani alimozaliwa, la sivyo haupo.

Basi kila mahali nitakapopataja, ninauliza maswali mawili. Mtoto akichoka tumboni, nani atajua, na itachukua muda gani kufika kwenye upasuaji? Akitoka halii, nani atampa hewa ndani ya dakika moja?

Nyumbani, kwa mkono wa mama mkwe

Sitamdharau mama mkwe wa binti yangu. Anaposema amezalisha wengi na wakalia, anasema kweli, na sababu yake ipo. Kati ya watoto kumi, tisa hivi hupumua bila msaada wowote. Huyo mmoja aliyebaki mara nyingi huamka akikaushwa vizuri na kusuguliwa mgongo. Kazi hiyo bibi zetu wanaijua, na ndiyo hiyohiyo tunayoanza nayo sisi. Kwa hiyo mkunga wa jadi anaweza kukaa miaka bila kupoteza mtoto, akaamini mikono yake inatosha.

Shida ni yule ambaye kusugua hakumwamshi. Amelegea kama kitambaa, ngozi imepauka, na anahitaji hewa isukumwe kwenye mapafu yake kwa ambu, ule mfuko unaobanwa kwa mkono wenye barakoa ndogo ya mtoto. Nyumbani hakuna ambu. Kinachofanyika ni kumning'iniza kichwa chini, kumchapa makalio, kummwagia maji baridi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachompa hewa, na hayo maji ndiyo mabaya zaidi. Usiku wa Makete au wa Njombe mtoto mbichi hupoa upesi kama uji kwenye sahani, na mtoto aliyepoa hata akipewa hewa baadaye hupambana kwa taabu.

Lile swali la kwanza nyumbani halijibiki kabisa, maana mapigo ya mtoto hayasikilizwi. Mwenye kuzalisha anaona mama anavyoendelea. Anachopitia mtoto hakioni.

Halafu kuna kikombe. Naomba mnivumilie hapa, kwa sababu jambo hili limenitoa machozi mara nyingi. Mama anachelewa, anapewa mizizi au majani yaliyochemshwa ili kuongeza uchungu. Watu huniambia, "Mbona hospitali nako mnaweka dripu ya uchungu?" Ni kweli tunaweka, na dripu yetu inaweza kumchosha mtoto vilevile isipoangaliwa. Lakini dripu inaingia tone kwa tone, tunahesabu matone, tunasikiliza mapigo, na uchungu ukizidi tunafunga. Dawa iliyokwisha kunywewa huwezi kuifunga. Tumbo linakaza kama jiwe, haliachii, na mtoto anabanwa humo bila nafasi ya kuvuta. Mama mjamzito akifika kituoni amekunywa dawa, tafadhali aseme. Hakuna wa kumpiga, na kujua kwetu kunabadilisha tutakachofanya.

Zahanati

Kwa swali la pili, zahanati yenye nesi aliyefundishwa ni mahali pazuri kuliko wengi wanavyodhani. Mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua hayahitaji mashine kubwa. Yanahitaji ambu inayofanya kazi, vitambaa vikavu, saa ya ukutani na mikono iliyozoea. Yalipojaribiwa kwenye hospitali nane hapa Tanzania, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47. Kilichobadilika ni mikono ya wakunga na ule mfuko wa kubana.

Ila "zahanati" ni neno tu mpaka uone ndani. Ninawashauri akina baba waende wenyewe mwezi wa nane wa mimba, wapige hodi kwa adabu, waulize. Nesi analala wapi? Kama nyumba ya mtumishi iko palepale, saa nane usiku atatoka na kanga mabegani. Kama anatoka kijiji cha pili kwa bodaboda, uchungu wa usiku utamkuta mama mlangoni pamefungwa. Ambu ipo, na barakoa ya mtoto mchanga ipo? Mara ya mwisho kuishika ilikuwa lini? Nesi mzuri hatakasirika. Atakuonyesha.

Swali la kwanza zahanati hujibu nusu. Kujua wanaweza. Ile fimbo ya mbao au plastiki tunayoiweka tumboni na kutega sikio, iliyobuniwa na Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895, bado inasikia vizuri sana. Mapigo ya kawaida ni kati ya 110 na 160 kwa dakika. Tunasikiliza kila nusu saa uchungu ukishakolea, na kila dakika tano mama anaposukuma, hasa mara tu uchungu unapoachia, kwa sababu mtoto aliyechoka hujionyesha hapo. Kipimo cha umeme kinachotoa sauti kinarahisisha kazi, na mama naye anasikia. Kikitumika mara moja kwa usiku mzima, fimbo inayotumika kila nusu saa inakishinda.

Wanaweza pia kuchora patografu, ile karatasi inayoonyesha njia inavyofunguka saa hadi saa. Ninaipenda historia yake, maana inatuhusu. Ile yenye mistari miwili ilitengenezwa na madaktari Philpott na Castle mwaka 1972 katika mji ambao leo unaitwa Harare, kwa ajili ya wakunga walio mbali na daktari. Mstari wa kwanza ni wa tahadhari, wa pili ni wa kuchukua hatua, na kati yake waliacha saa nne ili mama apate muda wa kusafirishwa. Mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 umeiondoa mistari hiyo, lakini kazi ya karatasi ni ileile: kumwambia nesi aite gari kabla mtoto hajachoka.

Nusu nyingine ya jibu ni barabara, na barabara zetu mnazijua. Kijiji kilicho kilomita kumi na tano kutoka lami huwa karibu mwezi wa Septemba na mbali mwezi wa Februari, tope likishafika magotini. Kushuka kutoka Matamba kwenda Chimala kwa zile kona 57, kukiwa na ukungu, dereva haongezi mwendo hata umlipe mara mbili. Kwa vijiji vya Ludewa vilivyo chini ya milima ya Livingstone, barabara yenyewe ni ziwa, na ziwa lina siku zake za kukataa mitumbwi.

Namba 115 ihifadhiwe kwenye simu zote za nyumbani. Ni ya mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Kupiga ni bure. Gari la wagonjwa likiwa mbali, mfumo huo hutumia madereva wa jamii waliosajiliwa. Umesaidia wengi, lakini hauwezi kukausha tope, kwa hiyo piga mapema, nesi akishaonyesha wasiwasi tu.

Kituo cha afya

Hapa watu wengi hukosea kwa kuangalia jengo. Vituo vingi vilipandishwa hadhi miaka hii ya karibuni na kujengewa vyumba vya upasuaji, na ni jambo la kushukuru. Jengo peke yake halipasui, linahitaji daktari, mtaalamu wa usingizi, damu, na umeme au jenereta yenye mafuta. Uliza swali moja tu: mara ya mwisho mlipasua usiku lini? Wakikujibu juzi, hapo ni mahali pazuri mno, pengine pazuri kuliko hospitali ya mbali. Wakikujibu kwamba usiku huwa wanatoa rufaa, basi kwa hewa ya mtoto hesabu kwamba umefika zahanati yenye rangi mpya.

Hospitali

Hospitali ya wilaya, hospitali za misheni tulizobarikiwa nazo ukanda huu, hospitali za rufaa za mikoa, na pale Mbeya wodi ya Wazazi Meta iliyo chini ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda: hapa maswali yote mawili yana majibu. Upasuaji upo, na mtoto aliyepumulishwa ana pa kulazwa, apewe oksijeni, joto na sukari yake ipimwe. Zahanati inaweza kumwamsha mtoto, lakini siku tatu zinazofuata, degedege linapoweza kuanza, zinataka hospitali.

Udhaifu wa hospitali kubwa ni wingi wa watu, na lazima niuseme kwa sababu niliuishi. Miaka ya nyuma, katika hospitali moja niliyofanya kazi, tulikuwa wakunga wawili usiku na akina mama kumi na mmoja wenye uchungu. Mmoja alikuwa kimya, hakulia hata mara moja, na sisi tukakimbilia waliokuwa wakipiga kelele. Nilipomrudia, saa mbili na zaidi zilikuwa zimepita bila mapigo kusikilizwa. Nilitega fimbo nikasikia 90. Tulimpeleka kupasuliwa, mtoto akatoka amekunywa maji machafu, nikampumulisha dakika nyingi. Aliishi. Sasa ni msichana mkubwa, na hatembei.

Ndiyo maana ninasema ndugu anayeruhusiwa kukaa na mama asikae tu kushika mfuko. Nusu saa ikipita, aseme kwa upole, "Nesi, samahani, tusikilizie mtoto." Maji yakipasuka na yakawa ya kijani, aseme hapohapo. Mama alale ubavu, wa kushoto ukiwezekana, kwa sababu akilala chali tumbo hukandamiza mshipa mkubwa wa damu na mtoto hupata kidogo. Asisukume kabla hajaambiwa njia imefunguka yote.

Wapo pia wanaofikiri dawa ni kupasuliwa tu kwa kupanga, hata bila sababu, ili mtoto asipate shida. Sikubaliani. Mtoto aliyetolewa kabla ya wiki ya 39 bila uchungu kuanza hupata zaidi shida ya upumuaji, maana mapafu yake hayajakamua maji, na mama anabaki na kovu litakaloleta hatari yake kwenye mimba ijayo. Upasuaji una sababu zake na usikataliwe ukihitajika. Kuufanya bima ni kosa.

Kungojea karibu

Hospitali ya mbali ni nzuri kwa aliyefika. Mama aliyeanza safari uchungu ukiwa umekolea anaweza kuzalia njiani, kwenye kiti cha gari, upepo wa Kitulo ukiingia dirishani, na hapo amekosa vyote viwili. Kama uchungu umeshakaza na hospitali ni saa tatu, zahanati ya jirani yenye nesi na ambu ni chaguo bora. Huu ndio ukweli ambao matangazo mengi hayausemi.

Ndiyo faida ya nyumba za mama ngojea zilizo kwenye baadhi ya hospitali na vituo. Unahamia wiki mbili au tatu kabla ya tarehe, unapika, unasubiri, na uchungu unakukuta hatua chache kutoka wodini. Ukilinganisha na kukaa kwa ndugu mjini, kwa ndugu kuna kitanda kizuri na supu, lakini kuna daladala au bajaji ya kutafuta usiku. Hali ya mama ngojea ni ya kubanana, baridi ipo na chakula ni chako mwenyewe. Kwa hewa ya mtoto, bado inashinda.

Wapo ambao kwao sioni la kubishania, wahamie karibu na upasuaji kabla ya uchungu: aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, ambaye mtoto ametanguliza matako au amelala kiubavu, aliyewahi kupoteza mtoto wakati wa kujifungua, mwenye presha au miguu na uso uliovimba, mwenye upungufu mkubwa wa damu, aliyetokwa na damu mimba ikiwa kubwa, na mama mfupi chini ya sentimita 150. Kadi ya kliniki huandika mambo haya. Isomeni nyumbani, na mume aisome. Na kwa yeyote yule, mtoto akipunguza kucheza, usingoje kesho. Kitovu kikitangulia nje, mama apige magoti kifua kikiwa chini na makalio juu, asisukume, na gari liitwe sasa.

Nilimpigia binti yangu jana jioni. Nilimwambia asije Mbeya, safari ni ndefu na Makete kwao kuna hospitali zinazopasua. Mimba ya kwanza huwa na uchungu mrefu, na mifupa yake bado haijapimwa na mtoto yeyote. Aende kliniki wiki hii apimwe damu, presha na mlalo wa mtoto, kisha wiki ya 37 ahamie mama ngojea. Ile zahanati iwe ya akiba, endapo uchungu utawahi, na mume wake aende kesho kuuliza habari ya nesi na ambu.

"Na mama mkwe nimwambieje, shangazi? Atanuna."

Nikamwambia ampe mama simu. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana mahindi na baridi. Nikamwomba aende yeye na mkwewe kule, kwa sababu anajua kukaa na mwenye uchungu kuliko wasichana wa siku hizi. Afunge kwenye mfuko vitenge viwili vikavu vya kumkaushia mtoto na blanketi la tatu, avitunze mwilini vipate joto. Na nikamfundisha kusema, kila nusu saa, "Nesi, tusikilizie mtoto." Alicheka kidogo, akairudia mara mbili. Kisha akaniuliza ile saa ya ukutani ipo wodini, au aazime ya mjukuu wake.